Barua ya wazi kwa mnaosimamia maktaba za sheria: msitupe sheria za zamani, kuna watu kesi zao bado zimo humo

Shikamooni wakuu.

Naandika barua hii kwenu mnaosimamia maktaba za sheria, za vyuo, za mahakama, za ofisi za serikali, hata zile za kampuni kubwa za mawakili, na pia kwenu mlioko Ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria maana matoleo mapya yanatoka kwenu. Mimi siyo wakili. Ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, niko Morogoro, kazi yangu ni kukaa na watu wasiokuwa na hela ya wakili, nawasomea samansi, nawaelekeza pa kwenda, nawaandalia karatasi zao wakienda barazani. Kwa hiyo nikisema kitabu fulani kinahitajika sisemi kama msomi, nasema kama mtu ambaye kimemkosesha usingizi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye maktaba moja ya sheria Dar, jina naliacha kwa sababu sitaki mfanyakazi yeyote aulizwe maswali kwa ajili yangu. Kwenye korido karibu na ngazi nikakuta makatoni yamepangwa mpaka kifuani, yameandikwa kwa maka peni ZA KUONDOA. Nikachungulia la juu. Ndani kulikuwa na juzuu za Sheria za Tanzania toleo la 2002, chini yake vitabu vyekundu vimechakaa migongo, sheria za Tanganyika za miaka ya 1940, na magazeti ya serikali, yale yanayotangaza sheria, yamefungwa kwa kamba. Nikamuuliza dada wa mapokezi, akaniambia kwa upole tu, hizo zimepitwa, si toleo la 2023 limeshatoka, tunahitaji nafasi.

Nafasi naielewa. Toleo la Urekebu la 2023, yani sheria za nchi zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, ni kazi kubwa na nzuri imefanyika, shelfu lazima zipatikane, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akichukua kimakosa kitabu cha 2002 akajibia mtihani ataumia. Hayo yote nayaelewa. Ila neno "zimepitwa" ndo lililonifanya niandike, kwa sababu sheria ikibadilishwa haibadilishi kilichotokea jana yake. Mtu aliyenunua, aliyerithi, aliyeshtakiwa, aliyeolewa chini ya ile ya zamani, mara nyingi haki yake bado inapimwa kwa maneno ya ile ile ya zamani. Hili siyo wazo langu, liko kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 (sura ni namba ya sheria kwenye mkusanyo wa sheria zetu), kwamba sheria ikifutwa haki iliyokwishapatikana chini yake haifutiki nayo isipokuwa Bunge limesema hivyo. Na Katiba yenyewe ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa, na inakataza kumpa adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo siku ile. Sasa adhabu iliyokuwepo siku ile mtaijuaje kama kitabu cha siku ile kimeondoka na lori?

Ngoja niwaeleze kilichonipeleka Dar.

Mama yangu mdogo alinunua shamba mwaka 2000 pembezoni mwa mji kwa familia iliyokuwa inalikalia kimila toka enzi za babu zao. Karatasi ya mauziano ya mkono, mashahidi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri, basi. Miaka ikapita akalima, akajenga vyumba viwili, halafu akatokea mtu na karatasi zake anasema eneo ni lake, tukajikuta Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikajiandaa usiku kucha na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nikapiga mistari kwa kalamu ya haileta, nikajiona niko sawa kabisa kwa sababu sheria ni ya 1999 na mama mdogo kanunua 2000, si inamhusu? Mwenyekiti wa baraza akasikiliza, akaniuliza swali moja, hiyo sheria unayoisoma ilikuwa imeanza kutumika tarehe ya mauziano? Nikakaa kimya. Wakili wa upande wa pili naye akakaa kimya, maana na yeye alikuwa anasoma hiyo hiyo.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zilipitishwa 1999 ni kweli, zikaitwa namba 4 na namba 5 za mwaka huo, lakini zimeanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Katikati hapo kuna zaidi ya mwaka mzima ambao nchi ilikuwa bado inatumia sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1923, ile mawakili wanaiita Land Ordinance. Kwa hiyo mauziano ya mama mdogo yameangukia huko. Kesi ikaahirishwa tukaambiwa tuje na sheria sahihi.

Nikatafuta. Mtandaoni nikapata Sheria ya Ardhi ya sasa mara kumi, kila tovuti ina yake, ya 1923 sikuiona mahali ninapoweza kuiamini. Nikauliza mawakili wawili ninaowafahamu, mmoja akanitumia PDF kwa WhatsApp akaniambia hii hapa Sura ya 113, nikafungua, ni ile ile ya 1999. Na hapa siwezi kumlaumu, kwa sababu kuna mtego ambao nadhani hata nyinyi wakuu mnaujua: sheria ya mkoloni nayo ilikuwa Sura ya 113! Namba ile ile. Ukisoma hukumu ya miaka ya themanini jaji kaandika Sura ya 113 anazungumzia ya 1923, ukisoma hukumu ya 2010 jaji kaandika Sura ya 113 anazungumzia ya 1999, mtu asiyejua anachanganya sheria mbili tofauti kabisa akidhani ni moja. Na kuna nyingine zimefanya kinyume chake, sheria ni ile ile ila namba imehama, mfano Sheria ya Mikataba ya 1961 zamani ilikuwa Sura ya 433, toleo la 2002 likaifanya Sura ya 345. Ukiwa na hukumu ya 1975 mkononi inataja Sura ya 433 na maktaba ina toleo jipya tu, utaifungua 433 ukute nini?

Ndo nikafika kwenye ile maktaba. Kitabu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa ndani ya katoni.

Nilikaa nacho sakafuni pale pale koridoni kama saa mbili, dada wa mapokezi Mungu ambariki akanipa kiti baadaye. Na nataka mnisikilize hapa wakuu, kwa sababu nilichokiona ndani hakipo kwenye kopi nyingine yoyote. Pembeni ya kurasa kulikuwa na vikaratasi vimebandikwa kwa gundi, kila kimoja ni marekebisho yaliyokatwa kutoka Gazeti la Serikali na kubandikwa juu ya kifungu kinachohusika, na pale ambapo maneno yamefutwa kuna mstari wa wino wa bluu umepigwa kwa rula na pembeni imeandikwa namba ya sheria iliyofuta na mwaka. Miandiko ni mitatu tofauti, nilihesabu. Yani kuna wafanyakazi wa maktaba watatu, pengine walipokezana kwa miaka thelathini, kila Gazeti likija wanakaa na mkasi na gundi wanahakikisha kitabu kinasema ukweli wa siku hiyo. Watu hao sijui wako wapi sasa. Ila kazi yao ndo iliyonionyesha sheria ilivyosomeka mwaka 2000, siyo 1923 ilipotungwa, siyo 1947 ya toleo la kitabu hicho, mwaka 2000.

Na tofauti ni kubwa. Sheria ya 1923 ilivyotungwa mwanzo ilizungumzia haki ya kumiliki ardhi inayotolewa na serikali. Maneno yanayosema kwamba mwenyeji au jamii ya wenyeji wanaokaa na kutumia ardhi kihalali kwa mila zao nao wanahesabika kuwa na haki hiyo yaliingizwa kwa marekebisho ya 1928. Mtu akichukua maandishi ya 1923 peke yake hatayaona, atasimama barazani aseme waliomuuzia mama yangu mdogo hawakuwa na kitu cha kuuza. Maneno hayo ya 1928 siyo madogo, mwaka 1994 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay ilisema haki hizo za kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na ikagoma kukubali sheria ya 1992 iliyokuwa inawanyang'anya watu ardhi za kimila kwenye maeneo ya vijiji bila fidia. Kesi nzima ya wakulima na wafugaji wa nchi hii imesimama juu ya mstari ulioingizwa 1928 kwenye kitabu ambacho saivi kiko kwenye katoni.

Sisemi kwamba tumeshinda. Kesi bado, na upande wa pili nao wana hoja zao, kuna mambo ya mipango miji na kuna ile hukumu ya 1985 ya Nyagwaswa na Nyirabu kuhusu kuuza ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji ambayo lazima tuijibu. Ila angalau sasa tunabishana juu ya sheria sahihi.

Nimetoa mfano wa ardhi kwa sababu ndo naishi nao kila siku, lakini haya yako kila mahali. Mtu aliyekamatwa na dawa za kulevya 2014 hahukumiwi kwa sheria ya 2015, anahukumiwa kwa ile ya 1995 ambayo imeshafutwa. Mirathi ndo usiseme, tunatumia mpaka leo Sheria ya Mirathi ya India ya 1865 kwa baadhi ya watu, India wenyewe waliiacha wakatunga nyingine 1925, kwa hiyo ukinunua kitabu kipya cha sheria za mirathi za India hakikusaidii, unahitaji kile cha zamani, na cha zamani kiko wapi kama siyo kwenye maktaba zenu? Na mirathi ya kimila tunaenda kwenye tangazo la serikali namba 436 la 1963, ambalo mjane akija ofisini kwangu nalazimika kumsomea kutoka kwenye fotokopi ya fotokopi, mistari ya chini imekatika.

Halafu kuna hili la tarehe 22 Julai 1920. Sheria yetu inayoelekeza mahakama zitumie sheria zipi, Sura ya 358, inasema kama hatuna sheria yetu kwenye jambo fulani basi mahakama inaweza kutazama sheria ya kimahakama ya Uingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, na zile za Bunge lao zenye matumizi ya jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Majirani nao wana tarehe zao, Kenya ni 12 Agosti 1897, Uganda ilikuwa 11 Agosti 1902. Maana yake nini? Maana yake kitabu kikubwa cha sheria za Uingereza cha Halsbury, toleo la kwanza lililotoka kati ya 1907 na 1917, ambalo mtu wa London anaweza kuliona ni pambo la ukutani, kwa wakili wa Tanzania ndo liko karibu zaidi na tarehe yake kuliko toleo la juzi. Nilipotazama katoni la tatu nikayaona yale majuzuu. Kuna mtu aliyachagua kwa kuangalia mwaka tu, akaona 1911 akaweka pembeni.

Lingine linaloniuma ni la mabaraza ya kata. Mnakumbuka zamani baraza la kata lilikuwa linaamua kesi za ardhi zisizozidi shilingi milioni tatu. Mwaka 2021 Bunge likaliondolea mamlaka hayo, likabaki kusuluhisha tu. Sasa nina mama mmoja Kilosa ana uamuzi wa baraza la kata wa 2018 aliushinda vizuri, kijana mmoja msomi akamwambia hiyo karatasi haina maana baraza la kata halina mamlaka, akamfungulia sheria kwenye simu akamwonyesha. Na kweli kwenye simu ndo inavyosema. Mama akarudi nyumbani analia. Ilibidi nitafute kitabu cha kabla ya mabadiliko nimwonyeshe kwa macho yake kwamba siku ile walipoamua walikuwa na mamlaka. Nakwambieni mtu wa kawaida haamini maneno, anaamini karatasi yenye muhuri na kitabu chenye jalada.

Najua mtaniambia mambo ya kidijitali. Mimi siyapingi, TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria, imetusaidia sana, hukumu ambazo zamani ilibidi upande basi kuzifuata sasa nazisoma kwenye simu nikiwa Mvomero. Lakini hukumu ni kitu kimoja na sheria kwa tarehe ni kitu kingine. Waingereza wana tovuti ya serikali ambayo unaweza kuchagua tarehe ikakuonyesha kifungu kilivyosomeka siku hiyo, na hata hao kwa sehemu kubwa wanarudi nyuma mpaka 1991 tu, kabla ya hapo wanarudi kwenye vitabu kama sisi. Sisi hata kwenye vitabu vya karibuni tunapotea, mawakili wanaandika R.E. (yani toleo la urekebu) 2002, R.E. 2019, R.E. 2022, sasa R.E. 2023, na toleo hili la mwisho limepanga upya namba za vifungu kwenye sheria nyingi, kwa hiyo kifungu kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka ya mwaka juzi leo kinaweza kuwa kinaongelea jambo lingine kabisa. Kama kuna kipindi ambacho kitabu cha zamani kinatakiwa kiwe karibu na mkono ni hiki, miaka hii mitano inayokuja, majalada mengi yaliyoko mahakamani yalifunguliwa kwa namba za zamani.

Kwa hiyo naomba nini. Naomba makatoni yasitoke kwanza. Kama hamna nafasi ya kopi nne bakizeni moja, ile iliyobandikwa vikaratasi na kuandikwa kwa mkono, siyo ile safi inayopendeza. Watu wanapochagua cha kubakiza huwa wanachukua kisafi, na kwenye sheria kisafi mara nyingi ndo ambacho hakuna aliyekitunza. Kabla hamjaondoa chochote pigeni simu maktaba zingine mjue nani anacho, isije ikawa kila mmoja anadhani mwenzake kabakiza. Na vile vitabu vya kurasa za kuchomoa, vile ambavyo ukipokea karatasi mpya unatoa ya zamani, tafadhali zile kurasa mnazochomoa msizitupe kapuni, ziwekeni kwenye faili na tarehe ya kuzichomoa, ukurasa mmoja wa aina hiyo unaweza kuwa ndo sheria ya mtu.

Pia lebo. Mkibandika "imepitwa na wakati" mtu haishiki tena, anaogopa. Bandikeni imetumika kuanzia lini mpaka lini. Inatosha. Mwanafunzi hatachanganyikiwa na sisi tunaotafuta ya 2000 tutajua mkono upeleke wapi. Na kwenye ukuta karibu na shelfu wekeni jedwali linaloonyesha Sura ya zamani imekuwa Sura ipi na kifungu cha zamani kimekuwa kifungu kipi, liwe kubwa, liwe kwa Kiswahili, maana toka 2021 sheria imesema lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili na watu wanaokuja kutafuta haki zao siyo wote wanaosoma Kiingereza cha 1923.

Magazeti ya serikali nayo yaskaniwe. Yale ya kuanza kutumika kwa sheria kwanza kabisa, kwa sababu tarehe ya kuanza ndo iliyoniangusha mimi na itaangusha wengi, sheria inabeba mwaka iliopitishwa kwenye jina lake na siku iliyoanza inajificha kwenye tangazo la ukurasa mmoja ndani ya Gazeti ambalo limefungwa kwa kamba kwenye katoni. Kama mnahitaji mikono ya kuskani, wasaidizi wa kisheria tupo, vijana wa vyuo wapo, mimi mwenyewe nitapanda basi la alfajiri kila Jumamosi mkiniruhusu, sitaki malipo, nitakuja na chakula changu.

Na mlango. Mara tatu nimezuiwa getini kwenye maktaba tofauti kwa sababu sina kitambulisho cha mwanachuo wala cha uwakili. Mara ya nne nimeingia kwa sababu mlinzi alimwonea huruma mama yangu mdogo aliyekuwa amekaa juani. Wekeni hata siku moja kwa wiki mwananchi aingie na kitambulisho cha NIDA asome akiwa amekaa mbele yenu.

Baraza linakaa tena wiki ya pili ya mwezi ujao na mwenyekiti amesema anataka kuona kitabu chenyewe au nakala iliyothibitishwa na maktaba, fotokopi yangu ya simu hataipokea. Kitabu kiko katoni la pili kutoka juu, upande wa ngazi, kina jalada jekundu na mgongo umeshikwa kwa selotepu. Nimemwomba yule dada akiandike jina langu kwa penseli kwenye karatasi ya ndani, akakubali. Tafadhali kabla lori halijaja.